Singo maza, baba wa kambo, bibi na wajukuu: aina ya familia inagusaje afya yako?

Hivi ni kweli mtoto wa singo maza anaumwa zaidi kuliko wa wazazi wawili?

Ukiangalia takwimu juu juu utaona ndio, mara nyingi wako nyuma kidogo. Ila ngoja kwanza, maana ukishaweka pembeni umaskini, kuhamahama na ugomvi uliokuwepo hata kabla wazazi hawajaachana, ile tofauti inapungua sana. Nyumba ya mzazi mmoja mara nyingi ina kipato kimoja na mikono miwili, basi. Mtoto akishikwa na homa saa nane usiku anayeamka ni yuleyule, anayempeleka hospitali ni yuleyule, na asubuhi anayetakiwa kazini ni huyohuyo, kwa hiyo kliniki inarukwa, chanjo inachelewa, na presha yake mwenyewe hapimi mwaka mzima. Hapo kinachoumiza ni mzigo, sio kwamba kuna mtu mmoja kapungua kwenye picha ya familia. Akipatikana dada au jirani wa kumpokea zamu usiku mbili tatu, mambo yanabadilika kabisa.

Kwa hiyo wazazi wavumiliane tu kwa ajili ya watoto?

Inategemea mnakaaje humo ndani. Mnaweza kugombana kwa kunong'ona na mtoto akajua tu. Mtoto anayeishi kwa wasiwasi mwili wake unamwaga homoni za stresi kama kotisoli kila mara, na hiyo ikienda miaka inavuruga usingizi, kinga ya mwili, hadi ubongo unavyokua. Kuna utafiti wa Marekani wa 1998 uliwauliza watu wazima zaidi ya 9,000 yaliyowakuta utotoni, yaani kupigwa, kutukanwa, kuona mama anapigwa, kuishi na mlevi, mtu wa nyumbani kufungwa jela. Waliopitia mambo manne au zaidi walikuwa kwenye hatari kubwa zaidi ya sonona, ulevi, hata magonjwa ya moyo. Kuachana kwa wazazi kuliongezwa kwenye orodha baadaye, na watu wengi wameshikilia hilo moja utafikiri mengine hayapo.

Na sio watoto tu. Mwaka 2005 watafiti Marekani walichukua wanandoa 42, wakawatia vidonda vidogo vya malengelenge mkononi (kwa makusudi, na wenyewe walikubali!), wakawaacha waongee mambo yanayowagombanisha. Wale waliokuwa wakizodoana sana vidonda vyao vilipona taratibu zaidi kuliko vya wenzao. Ngozi tu hiyo.

Nimelelewa na baba wa kambo / nimeasiliwa. Dokta akiuliza "kwenu kuna kisukari?" nijibu nini?

Kama hujui, sema sijui, hilo ni jibu kamili wala halina aibu. Usitaje magonjwa ya baba wa kambo kama ya kurithi, utampoteza dokta. Baba wa kambo hakupi jeni zake, ila moshi wa sigara yake anakupa, na chumvi mnayokula pamoja mezani ni ileile, kwa hiyo hayo yataje. Ukishasema hujui historia ya ukoo, uliza kama kuna vipimo vya kuanza mapema kidogo.

Na mtoto aliyekulia kwenye kituo cha kulelea watoto?

Hapa umbo la malezi lina uzito kweli. Utafiti ulioanza Bucharest, Romania, mwaka 2000 ulifuatilia watoto 136 waliokuwa kwenye vituo, baadhi wakapelekwa kwenye familia za kuwalea. Waliopelekwa walikwenda vizuri zaidi kiakili, na waliowahi kabla ya miaka miwili walifaidika zaidi. Familia zile hazikuwa za damu, na bado zilisaidia.

Ndoa inalinda afya au ni maneno tu?

Kwa wastani walioko kwenye ndoa wanaishi muda mrefu zaidi, jambo lililoonekana tangu 1858 kwenye hesabu za vifo za Ufaransa. Ila sehemu yake ni kwamba mwenye afya ndiye anayepata mchumba kirahisi. Na ikivunjwa na kifo inauma kweli: utafiti wa Uingereza wa 1969 ulifuatilia wagane 4,486 wenye miaka 55 kwenda juu, vifo vyao miezi sita ya kwanza vikawa juu kwa 40% kuliko wenzao wenye wake. Majonzi yapo, lakini mi nadhani kuna jingine dogo la kila siku, kwamba aliyekuwa anasema "baba fulani umemeza dawa?" hayupo tena.

Asiyeoa wala kuolewa asiogope. Mwaka 2010 zilijumlishwa tafiti 148 zenye watu zaidi ya 300,000, ikaonekana wenye mahusiano ya karibu wana nafasi kubwa zaidi ya kuendelea kuishi kwa kama 50%, na mahusiano hapo ni pamoja na marafiki na ndugu, sio mume au mke peke yake.

Bibi yangu ana miaka 70 analea wajukuu watatu, inamsaidia au inamchosha?

Kuwashika wajukuu mara mojamoja kunamchangamsha. Kuwalea muda wote ni kazi nyingine kabisa, mgongo, usingizi, na dawa zake zinasahaulika kwa sababu anakumbuka za watoto. Hata anayemuuguza mume au mke yuko hapohapo: Marekani mwaka 1999 wazee waliokuwa wakiuguza wenza wao huku wamelemewa walionekana kuwa na hatari ya kufa iliyo juu kwa 63% ndani ya miaka minne.

Kwa hiyo usimwambie "pole bibi, pumzika" halafu ukakata simu. Gawa kazi kwa majina: fulani anachukua dawa kila mwezi, fulani anapeleka watoto kliniki, aliye mbali analipa usafiri. Na siku akienda kupima presha, dokta aambiwe kwamba nyumbani kuna watoto watatu wanaomtegemea, maana yeye mwenyewe hatasema.