Maji ya kunywa na choo kwenye boti za kulala wageni

Tukipanda kukagua boti inayolala baharini siku kadhaa, nahodha hutupeleka kwanza kwenye injini. Sisi huomba kuona mpira wa kujazia maji. Maji yanaweza kutoka bombani yakiwa salama, yakaharibika ndani ya mpira ulioachwa juani na maji ya wiki iliyopita, mdomo wake ukiburuzwa gatini. Uwe na mpira wa maji ya kunywa peke yake, usiowahi kusuuza choo. Osha mdomo wake, yaache maji yamwagike kidogo, ndipo uuingize tangini.

Tangi lenyewe lisafishwe kwa klorini kila msimu, na kila mara maji yakianza kunuka. Kwa tangi la lita 500, tumia takriban mililita 700 za dawa ya kufulia nguo nyeupe yenye klorini asilimia 3.5, isiyo na manukato. Jaza maji, fungua kila bomba, la jikoni na la bafuni, mpaka usikie harufu ya klorini, kisha funga uache kwa muda wa saa nne. Mwaga yote, suuza, jaza upya. Wenye mashine ya kuondoa chumvi wasiisuuze kwa maji yenye klorini: utando wake wa kuchujia huungua, na bei yake mnaijua.

Pampu ya maji ikiguruma usiku wakati hakuna aliyefungua bomba, kuna mahali panavuja. Patafute mapema, la sivyo maji ya kunywa yataishia kwenye ngama, yaani sakafu ya chini kabisa ya boti.

Choo kina hatari zaidi, na nyingi hazionekani. Choo kilicho chini ya usawa wa bahari kinaweza kuvuta maji ndani kimyakimya hadi boti izame, kama valvu ya ubavuni, inayofungua na kufunga njia ya maji ya bahari, imeachwa wazi na mpira wa choo haukupandishwa juu ukawekewa kipumulio cha kuingiza hewa. Funga valvu hizo kabla ya kushuka pwani. Tangi la majitaka nalo lina bomba la hewa. Likiziba, tangi hupasuka likijazwa au hunywea likifyonzwa. Humo ndani huzalishwa gesi inayonuka kama mayai viza. Ikizidi, pua huacha kuisikia, na fundi hudhani imeisha. Watu hufa hivyo, kwa hiyo mtu asiinamishe kichwa ndani ya tangi.

Ukoga mgumu kwenye mabomba ya choo huondolewa kwa siki. Lakini siki isikutane na dawa ya klorini hata kidogo, maana hutoa gesi ya sumu, na chumba cha choo kwenye boti ni kidogo kuliko kabati.

Kuhusu kumwaga, mkataba wa kimataifa wa kuzuia meli kuchafua bahari, MARPOL, kiambatisho cha IV, unaruhusu majitaka yasiyotibiwa yamwagwe zaidi ya maili 12 za baharini kutoka nchi kavu, polepole, meli ikienda si chini ya noti 4, yaani maili 4 za baharini kwa saa. Yaliyosagwa na kuuliwa vijidudu huruhusiwa kupita maili 3. Wenye boti ndogo hutukumbusha kwamba kanuni hizo ni za meli za tani 400 na zaidi, au zinazobeba zaidi ya watu 15, katika safari za kimataifa. Ni kweli, lakini unachomwaga kwenye kijito cha Kilifi maji yakipwa, yakijaa hurudi nacho kwa wanaooga. Ghuba ya Chole, Mafia, iko ndani ya hifadhi ya bahari iliyoanzishwa 1995. Huko usimwage kabisa.

Sasa chukua ramani. Mlango wa bahari kati ya Unguja na bara una upana wa kilomita 30 na ushei, na maili 12 ni kilomita 22. Ukiwa katikati yake, pande zote mbili zipo karibu mno. Kwa hiyo boti inayozunguka hapo iwe na tangi la kutosha hadi itoke bahari kuu mashariki ya kisiwa, au ifyonzwe bandarini, na hilo lipangwe kabla wageni hawajapanda.