Mkondo wa fahamu: mbinu iliyokuzwa na Virginia Woolf

Wanafunzi wengi wa fasihi huuchanganya mkondo wa fahamu na uzungumzinafsi. Siwalaumu, maana mbinu zote mbili hutuingiza kichwani mwa mhusika. Tofauti huonekana upesi zikiwekwa bega kwa bega.

Tuseme Bi Asha amekaa anachagua mchele. Katika uzungumzinafsi atajisemea: “Mwanangu anakuja leo, nimpikie nini?” Anajua anachosema, na amekipanga. Katika mkondo wa fahamu mambo huwa hivi: Mchele huu una mawe, wa duka lile hauishi mawe, na mtoto akija na mkewe leo jino litavunjika, kama la marehemu babake siku ya harusi, mvua ile, watu wote chini ya turubai, na nani kaacha bomba wazi huko nje?

Jiwe limevuta jino, jino likamvuta marehemu, naye akaja na harusi na mvua. Kisha maji ya bomba yakamrudisha uani. Hakuna “alikumbuka kwamba”.

Picha ya fahamu inayotiririka kama mto aliieneza mwanasaikolojia wa Marekani, William James, mwaka 1890. Mwaka 1918 mwandishi May Sinclair aliitumia kuzieleza riwaya za Dorothy Richardson wa Uingereza, mwanamke ambaye kwa maoni yangu amesahauliwa isivyo haki. Kwa hiyo mwandishi wa Uingereza Virginia Woolf (1882–1941) hakuwa wa kwanza. Lakini ndiye ambaye wasanii wa baadaye wanamrudia tena na tena, hasa kwa riwaya yake ya 1925, Mrs Dalloway.

Riwaya yote ni siku moja ya Juni 1923 jijini London. Clarissa Dalloway anatoka kununua maua ya karamu yake ya jioni. Kwingineko mjini yupo Septimus, askari aliyerudi kutoka vitani akili ikiwa imejeruhiwa. Hawa wawili hawakutani hata mara moja.

Ndege inapita ikiandika herufi kwa moshi angani, tangazo la biashara tu. Umati umeinua vichwa. Mmoja anasoma “Glaxo”, mwingine “Kreemo”, wa tatu anasema ni tofi. Bustanini, Septimus anazitazama herufi zilezile, machozi yakimjaa, akiamini kwamba kuna wanaompa ishara yeye. Kwa ndege moja Woolf anatoka kichwa hiki na kuingia kile bila kupiga hodi. Kengele ya Big Ben, saa kubwa ya London, nayo inafanya kazi hiyohiyo: ikilia, kila aliye karibu anaisikia akiwa katika wazo lake.

Hapo ndipo wengi wanaomwiga hukosea. Hudhani mkondo wa fahamu ni kumwaga maneno ovyo na kuacha nukta. Kwa Woolf mawazo yametundikwa kwenye vitu vya nje ambavyo kila mtu anaviona au kuvisikia, na kwa sababu hiyo msomaji hapotei. Tena husimulia kwa “yeye”, si “mimi”, ila maneno ni ya mhusika mwenyewe.

Mwandishi Gabriel García Márquez wa Kolombia alisema kwamba sentensi moja ya Mrs Dalloway, aliyoisoma akiwa kijana, ilibadilisha kabisa alivyouona wakati. Mwandishi wa Marekani Toni Morrison aliandika tasnifu yake ya uzamili, mwaka 1955, kuhusu Woolf na mwandishi mwenzake wa Marekani, William Faulkner. Mmarekani Michael Cunningham akachukua jina ambalo Woolf mwenyewe alikuwa ameipa riwaya yake alipokuwa bado anaiandika, The Hours, akaandika riwaya mwaka 1998 kuhusu wanawake watatu wa nyakati tatu: Woolf akiandika Mrs Dalloway, mama wa nyumbani wa Los Angeles akiisoma, na mwanamke wa New York anayenunua maua ya karamu. Alipata tuzo ya Pulitzer mwaka 1999, na filamu ikafuata 2002.

Mwaka 2022 kitabu hicho kikawa opera ya mtunzi Kevin Puts, pale Metropolitan Opera ya New York. Kwenye karatasi, Woolf alilazimika kutoka kichwa kimoja hadi kingine, sentensi kwa sentensi. Jukwaani, mwishoni, wanawake wale watatu wanaimba pamoja kwa wakati mmoja, kila mmoja akiwa katika mwaka wake.