Besi ni nini? Maelezo yanayoanzia kwenye manjano na magadi

Mwanafunzi anayeanza kemia hapati taabu kubwa kuielewa asidi, kwa kuwa ulimi wake umeshaijua kabla mwalimu hajaitaja: imo kwenye ndimu, ukwaju, siki na mtindi. Besi haina bahati hiyo. Kiswahili kina neno uchachu, lakini hakina neno moja la kila siku linalokusanya tabia za besi, na kwa sababu hiyo maelezo mengi ya darasani huimaliza kwa kusema kwamba ni kinyume cha asidi. Kauli hiyo si ya uongo, ila ni sawa na kumweleza mgeni kwamba usiku ni kinyume cha mchana na kumwacha hapo. Afadhali kuanza na vitu ambavyo msomaji ameshavishika kwa mkono wake.

Kitambaa cheupe kikidondokewa mchuzi wenye manjano, ambayo wengine huiita binzari, hubaki na doa la njano. Mtu akilipaka doa hilo sabuni ya mche, hugeuka papo hapo kuwa jekundu la hudhurungi, hata mfuaji akadhani ameiharibu nguo moja kwa moja. Akikisuuza kitambaa kwa maji mengi, au akikikamulia ndimu, unjano unarudi. Hakuna rangi mpya iliyoongezwa wala iliyoondolewa. Ndani ya manjano mna kemikali iitwayo kukumini, ambayo huwa ya njano penye asidi na penye maji matupu, na huwa nyekundu penye besi. Kitu chenye tabia ya namna hii huitwa kiashiria. Karatasi ya litimasi inayotumika maabara ni kiashiria pia, na hugeuka kutoka nyekundu kuwa bluu inapogusana na besi. Maji ya rosela nayo yanafaa kwa kazi hiyo, kwani wekundu wake hugeuka kijani ukitia magadi ya kutosha.

Tabia nyingine ya besi ni utelezi. Anayefua kwa mkono anaujua utelezi huo vidoleni, lakini si wengi waliowahi kuelezwa chanzo chake: besi humenyuka na mafuta ya ngozi na kuyageuza kuwa kitu cha jamii ya sabuni palepale mkononi. Huo ndio mmenyuko anaoutegemea mtengeneza sabuni anapochanganya mafuta ya nazi au ya mawese na kostiki soda, isipokuwa yeye anaufanya ndani ya ndoo na kwa kipimo. Vitabu hutaja pia kwamba besi ni chungu ulimini. Ni kweli, lakini hakuna haja ya kuhakikisha, maana besi nyingine hula nyama ya mdomo kabla ladha yake haijafahamika.

Watu walizitumia besi muda mrefu kabla hazijapewa jina hilo. Neno alikali, linalotumika kuitaja besi inayoyeyuka katika maji, lina asili ya Kiarabu, ambako lilihusu majivu ya mimea, na majivu ndiyo yaliyokuwa chanzo cha alikali kwa mafundi wa sabuni na vioo wa zamani. Sehemu mbalimbali za Afrika Mashariki hadi leo wapo wanaochuja maji kwenye majivu na kuyatumia kulainishia mboga, na kilichomo ndani ya maji hayo kwa wingi ni kaboneti ya potasiamu. Hapa pana faida ndogo kwa mwanafunzi anayehangaika kukariri alama za elementi: K ya potasiamu inatokana na jina la Kilatini cha wanakemia, kalium, lililozaliwa na neno hilohilo la Kiarabu, na Na ya sodiamu inatokana na natrium, lenye shina moja na jina la Ziwa Natron lililoko kaskazini mwa Tanzania. Magadi yanayopatikana katika ziwa hilo, na katika Ziwa Magadi upande wa Kenya, ni chumvi za sodiamu: mchanganyiko wa sodiamu kaboneti na sodiamu hidrojeni kaboneti ulioshikana na maji katika madini yaitwayo trona.

Sasa tuingie kwenye fasili. Katika miaka ya 1880, mwanakemia wa Sweden, Svante Arrhenius, alieleza kwamba vitu vingi vinapoyeyuka katika maji hugawanyika kuwa chembe zenye chaji, yaani ioni. Kwa mtazamo wake, asidi ni kitu kinachotoa ioni za hidrojeni, H⁺, kikiwa ndani ya maji, na besi ni kitu kinachotoa ioni za hidroksidi, OH⁻. Kostiki soda, ambayo jina lake la kemia ni sodiamu hidroksidi, inaifuata fasili hiyo bila tatizo: fomula yake ni NaOH, na ikiyeyuka hutengana kuwa Na⁺ na OH⁻. Fasili hii ndiyo inayofundishwa mwanzo, na kwa maswali mengi ya mwanzo inatosha.

Haitoshi kwa magadi. Fomula ya sodiamu kaboneti ni Na₂CO₃, na mtu akiitazama herufi kwa herufi hataiona OH mahali popote. Hata hivyo maji yenye magadi huigeuza litimasi kuwa bluu, huigeuza manjano kuwa nyekundu, na huteleza vidoleni. Amonia, NH₃, ina tatizo lilelile. Mwanafunzi makini anayeuliza hidroksidi hiyo imetoka wapi huambiwa mara nyingi akariri tu kwamba kaboneti ni besi, jambo ambalo kwa maoni yangu ni kumnyima sehemu tamu kuliko zote ya somo hili.

Jibu ni kwamba hidroksidi imetoka kwenye maji yenyewe. Molekuli ya maji ni H₂O. Ioni ya kaboneti, CO₃²⁻, inapokutana nayo huweza kuinyang'anya ioni moja ya hidrojeni. Kaboneti inakuwa HCO₃⁻, na kinachobaki cha maji, baada ya kupoteza H⁺, ni OH⁻. Kaboneti haikuileta hidroksidi kutoka nyumbani kwake, bali imeitengeneza kwa kuchukua kitu kwa jirani. Amonia hufanya hivyohivyo na kuwa NH₄⁺.

Mwaka 1923, Johannes Brønsted wa Denmark na Thomas Lowry wa Uingereza, kila mmoja kwa upande wake, walilichukua wazo hilo na kulifanya kuwa fasili. Kwa kuwa atomu ya hidrojeni ya kawaida ina protoni moja na elektroni moja tu, ikipoteza elektroni yake hubaki protoni peke yake. Kwa hiyo kuzungumzia H⁺ ni kuzungumzia protoni. Asidi ni kitu kinachotoa protoni, na besi ni kitu kinachopokea protoni. Hidroksidi yenyewe ni besi kwa fasili hii, kwa sababu ikipokea protoni inakuwa maji, na kaboneti nayo imo, pamoja na amonia.

Kutoka hapa ni rahisi kuona kwa nini besi hazilingani nguvu. Besi kali, kama kostiki soda, hutengana yote inapoyeyuka. Besi dhaifu hupokea protoni kwa kiasi tu: katika myeyusho wa kawaida wa maabara, kati ya molekuli 100 za amonia ni kama 1 tu iliyokwisha kuchukua protoni kwa wakati wowote. Wanafunzi wengi huchanganya jambo hili na ukolezi. Kostiki soda iliyozimuliwa kwa ndoo nzima ya maji bado ni besi kali, ila imezimuliwa. Amonia iliyokolea ikasokota pua bado ni besi dhaifu, ila imekolea. Nguvu inatokana na aina ya kitu, ukolezi unatokana na kiasi cha maji kilichotiwa.

Kipimo cha pH hupima matokeo ya mambo hayo mawili kwa pamoja. Kilibuniwa mwaka 1909 na Søren Sørensen, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya kiwanda cha bia cha Carlsberg mjini Copenhagen. Maji safi katika nyuzi 25 za Selsiasi yana pH 7, na juu ya hapo tunaingia upande wa besi. Myeyusho wa sodiamu hidrojeni kaboneti huwa kidogo juu ya 8, wa magadi ya trona hufika karibu 10, na wa kostiki soda huweza kufika 13 au zaidi. Kila hatua moja ni mara 10, kwa hiyo kutoka 8 hadi 10 hidroksidi huongezeka mara 100.

Si kila besi ni alikali. Oksidi nyeusi ya shaba haiyeyuki katika maji na haiigeuzi litimasi, lakini ukiitia kwenye asidi ya salfuri iliyozimuliwa na kupasha moto, humenyuka na kutoa myeyusho wa bluu wa salfeti ya shaba, na hivyo ni besi. Chokaa ipo katikati, kwani huyeyuka kidogo tu.

Asidi na besi zikikutana, protoni huhama kutoka upande mmoja kwenda mwingine na sifa za kila moja hufifia. Hii ndiyo maana ndimu iliurudisha unjano wa doa letu. Jikoni jambo hili lina athari inayoonekana. Magadi hulainisha maharage kwa sababu besi hulegeza pektini inayoshikilia seli za punje, ilhali anayewahi kutia nyanya au ukwaju kabla maharage hayajaiva huyachelewesha, kwa kuwa asidi hufanya kinyume chake. Magadi yakizidi huharibu vitamini B1, mbali na ladha ya sabuni.

Limebaki suala la maji. Mbele ya kaboneti, maji yalitoa protoni, basi hapo yalikuwa asidi. Mbele ya asidi ya hidrokloriki, maji hupokea protoni na kuwa H₃O⁺, basi hapo ni besi. Hata yakiwa peke yake, molekuli chache sana za maji hupeana protoni zenyewe kwa zenyewe, moja ikiwa asidi na nyingine besi, na ni kwa sababu hiyo maji safi kabisa yana H⁺ na OH⁻ ndani yake kwa kiasi kilicho sawa.