Kufundisha Mtazamo wa Mhusika kwa Visa vya Kutafuta Nafasi Kundini

Wanafunzi wa miaka 11 hadi 14 wanapoandika insha ya masimulizi, wengi huitaja hisia kabla ya kumwonyesha anayeihisi: "Alihuzunika kwa sababu hakuna aliyemtaka." Sarufi iko sawa, lakini msomaji hana cha kuona. Katika kufundisha uandishi, sijapata dawa ya tatizo hili inayoshinda visa vya mtu anayetafuta nafasi kundini: mgeni darasani, mtoto aliyehamia kwa ndugu, rafiki wa zamani ambaye sasa mazungumzo hukatika anapokaribia.

Visa hivi vinafaa kwa sababu anayekubaliwa au kukataliwa na anayemkubali au kumkataa hawalioni tukio kwa jicho moja. Mwanasaikolojia wa Marekani, Robert Selman, aliyechunguza jinsi watoto wanavyokua katika kuelewa mawazo ya wenzao, alieleza kwamba takriban kati ya miaka 10 na 15 kijana huanza kuutazama uhusiano wake na mwenzake kama mtu wa tatu angeutazama, akizipima pande zote mbili kwa pamoja. Uwezo huo ndio msimulizi anaouhitaji.

Zoezi langu la kwanza ni fupi. Mgeni anaingia darasani, kiti kitupu ni kimoja tu, na aliyeketi kando yake anaweka begi juu yake. Nusu ya darasa husimulia kwa nafsi ya kwanza kama mgeni, na nusu kama mwenye begi. Maneno kama huzuni, aibu na upweke hayaruhusiwi, wala msimulizi haruhusiwi kujua yaliyo moyoni mwa mwenzake. Mwanafunzi akiandika, "Aliweka begi kwa kuwa ananidharau," namuuliza amejuaje, naye hulazimika kurudi kwenye kile ambacho mgeni angeweza kukiona: mkono uliosita juu ya zipu, macho yaliyokimbilia dirishani. Akitaka kubaki na dhana yake, sawa, mradi aiandike kama dhana. Matoleo mawili yanaposomwa kwa sauti, mara nyingi hudhihirika kwamba mwenye begi alikuwa akimwekea nafasi rafiki ambaye naye anahofia kumpoteza, na mjadala unaofuata hunipunguzia mahubiri mengi.

Simlazimishi mtoto yeyote kuandika kisa chake mwenyewe, kwa kuwa kwa baadhi yao kutengwa ni jambo la asubuhi hiyohiyo; mhusika wa kubuni humpa stara. Sikubali pia, na hapa wengine huniona mkali, mwisho ambapo darasa zima linampigia mgeni makofi bila chochote kubadilika kati yao.

Usimulizi maizi, yaani wa msimulizi ajuaye yote, nauchelewesha makusudi, kwani anayeona mioyo yote hukwepa kazi ya kuchagua. Katika rasimu ya kwanza tahajia naiacha kando. Napigia mstari kila sentensi ambayo msimulizi asingeweza kuijua, na mwanafunzi huandika upya hizo tu.