Je, kinyago cha shetani ni cha kuabudiwa?

Wengi huamini kwamba vinyago vya Kimakonde vya mtindo wa shetani, vile vyenye jicho moja na mdomo uliopinda, ni sanamu za kale za ibada. Si ajabu, jina lenyewe linatisha. Ila mtindo huo ulizuka Dar es Salaam miaka ya 1950, na vilichongwa viuzwe. Sura zilitoka kwenye masimulizi ya mizimu na mashetani. Kinachohusu jando na unyago ni lipiko, kinyago cha kuvaliwa ngomani. Vishike vyote viwili: lipiko ni la mti mwepesi, limekombwa ndani kichwa kiingie. Shetani ni pande la mpingo, zito, halivaliki. Ukimkuta mchongaji, muulize anamchongea nani.