Kidoa cheusi mwilini: kitolewe au kiachwe?

Wengi wanaokuja kliniki ya ngozi hapa Mombasa kutaka kidoa cheusi kitolewe huonyesha cha usoni. Mara nyingi ni vile vinundu vidogo vinavyoota mashavuni na chini ya macho kadiri umri unavyosonga, na ukiuliza, mama au shangazi naye anavyo. Havina madhara. Sijida ya kwenye paji la uso pia ni sugu tu, haihitaji kisu. Sisi tunachoomba ni mgonjwa avue viatu, na hapo wengi hushangaa.

Melanoma, saratani inayoanzia kwenye seli zinazotengeneza rangi ya ngozi, ni nadra kwa sisi watu weusi. Ikitupata lakini, aghalabu hujificha mahali ambapo jua halifiki: nyayo, viganja na chini ya kucha. Bob Marley ilimpata kwenye kidole cha mguu. Iligunduliwa mwaka 1977, akafariki Mei 1981 akiwa na miaka 36. Huku Pwani mtu akiona weusi wayoni husema ni mwiba wa zamani au damu iliyovilia, akaendelea na shughuli zake. Kwa akina mama kuna na hina na piko, ambazo hufunika nyayo na kucha kwa wiki kadhaa. Kagua kwanza, upakwe baadaye.

Kidoa ulichonacho tangu utotoni na hakijabadilika, kiache. Kinachotutia wasiwasi ni kile kinachozuka ukubwani na kuendelea kutanuka, chenye rangi zaidi ya moja, kingo zisizo sawa, au kinachotoka damu bila kuumizwa. Mistari myeusi kwenye kucha kadhaa ni kawaida kwa ngozi yetu. Mstari mmoja kwenye kucha moja, unaopanuka au kumwaga weusi kwenye ngozi ya pembeni, si kawaida. Ndugu zetu wenye ualbino wana hatari tofauti: saratani zao hutokana na jua, huanza usoni, masikioni na shingoni, na mara nyingi huanza kama kidonda kisichopona au gamba linalorudi. Wao wasingoje.

Daktari akishuku, atapendekeza biopsi. Sehemu hupigwa sindano ya ganzi (hiyo ndiyo inayouma), kisha kidoa hukatwa chote pamoja na ukingo mwembamba wa ngozi isiyo na kidoa, kama milimita 2. Kikiwa kikubwa, au kiko mahali pagumu kama wayoni, huchukuliwa kipande tu. Nyama hiyo hutiwa ndani ya fomalini, dawa ya kuihifadhi isioze, na kupelekwa maabara, ambako mtaalamu wa patholojia huitazama kwa hadubini. Hospitali haichukui nyama hiyo kwa sababu nyingine.

Wengine hukataa kwa kuamini kwamba saratani ikiguswa na chuma husambaa. Biopsi haisambazi melanoma. Imani hiyo imeshika kwa sababu wengi hufika kisuni ugonjwa ukiwa umeshafika mbali, kisha kisu ndicho kinacholaumiwa.

Ninachokipinga waziwazi ni kuchoma kidoa kwa asidi saluni, kukifunga uzi mpaka kidondoke, au kukiondoa kwa leza kabla hakijachunguzwa. Kikishaungua, maabara haina cha kupima. Tukikuta melanoma, swali la kwanza ni imezama kiasi gani, kwa milimita. Iliyo chini ya milimita 1 kwa kawaida hutibika kwa upasuaji peke yake. Kadiri inavyozama ndivyo matumaini yanavyopungua. Asidi hufuta kipimo hicho.

Na kama ni urembo tu unaoutaka? Ni haki yako, ila mwambie daktari iwapo kovu lako la chanjo au tundu la hereni liliwahi kuvimba. Ngozi nyeusi huota keloidi (kovu linalovimba) kwa urahisi, hasa kifuani, mabegani na masikioni, na huko kovu laweza kuwa baya kuliko kidoa chenyewe.

Kabla ya kuondoka, uliza nyama inapelekwa maabara gani na majibu yatatoka lini. Kimya si jibu: yakichelewa, rudi ukayaulize. Yakitoka, omba nakala yako uihifadhi nyumbani, na umwombe daktari akuonyeshe palipoandikwa kama kingo ni safi, yaani kama kidoa kilitoka chote.