Ukifika mtaa wa maduka kwa mara ya kwanza, anza na milango

Kazi yangu ni kupanga mitaa ya biashara, hasa ile ya wazi, ambako watu hutembea kwa miguu kutoka duka hadi duka bila paa juu yao. Anayeniuliza aanzie wapi siku ya kwanza namwambia asinunue kitu kwanza. Tembea mtaa mzima ukiwa upande mmoja, kisha rudi kwa upande wa pili. Pande mbili za mtaa mmoja hazilingani: mmoja una kivuli asubuhi, mwingine jioni, na penye joto kali watu hukifuata kivuli hicho. Penye baridi huwa kinyume, watu hulifuata jua. Mwenye duka makini hulichunguza hilo kabla ya kusaini mkataba wa pango.

Unapotembea, tazama milango. Mtu asiye na haraka huenda karibu kilomita 5 kwa saa, yaani mita 80 na ushei kwa dakika. Duka lenye upana wa mita 5 analipita kwa sekunde zisizotimia 4, na kila sekunde hizo zikipita anakutana na jambo jipya: viatu, vitabu, vitambaa, muuzaji aliyesimama mlangoni. Sasa weka hapo ukuta mtupu wa mita 50, au vioo vilivyozibwa kwa karatasi. Atatembea zaidi ya nusu dakika bila kuona lolote. Wengi hugeuka hapo na kurudi walikotoka, na ukiwauliza watakuambia wamechoka, kumbe macho ndiyo yaliyokosa kazi. Jan Gehl, msanifu majengo wa Denmark aliyetumia miaka mingi kuwatazama na kuwahesabu watu mitaani, amelisisitiza sana jambo hili: maduka membamba na milango mingi ndivyo vinavyomfanya mtu aendelee mbele.

Kizingiti nacho kina lake. Mlango ulio wazi, ambao sakafu yake iko sawa na njia, humwingiza mtu kabla hata hajaamua. Ongeza ngazi mbili tu, na baadhi wataishia kuchungulia kiooni. Mwenye kiti cha magurudumu hana hata nafasi ya kuamua. Kwangu mimi, mtaa unaomwacha nje mtu huyo haujakamilika, hata upambwe vipi.

Mabenchi usiyapuuze. Kaa kidogo, uone kama yanatazama wapita njia au yameelekezwa ukutani. Watu hukaa wanakoweza kuwaona wenzao.

Kisha inua macho, na hapa ningependa ukawie. Juu ya maduka kuna nini? Mapazia, vyungu vya maua na nguo zilizoanikwa ni dalili kwamba kuna watu wanaoishi pale. Historia ya mitaa hii inaonyesha uzito wa jambo hilo. Kalamazoo, huko Marekani, ilifunga mtaa wake mkuu mwaka 1959 ili magari yasipite, wazo likitoka katika mpango wa msanifu Victor Gruen. Fresno ikafuata mwaka 1964. Miji mingine mingi ya Marekani iliiga, lakini wateja walikuwa tayari wanahamia pembezoni, na huko yakajengwa maduka makubwa yenye maegesho. Kalamazoo ilirudisha magari katika sehemu ya mtaa wake mwaka 1998, na Fresno mwaka 2017. Copenhagen, mji mkuu wa Denmark, nayo iliondoa magari katika mtaa wake wa Strøget mwaka 1962, kwanza kama jaribio, huku wengine wakihofu kwamba biashara zingekufa na kwamba hali ya hewa ya huko haifai kwa maisha ya nje. Mtaa huo, wenye urefu wa kilomita 1 na zaidi kidogo, ni wa waenda kwa miguu mpaka leo. Mji uliouzunguka una wakazi, wafanyakazi na wanafunzi wanaoweza kuufikia kwa miguu au baiskeli. Kuondoa magari peke yake hakuleti watu. Lazima wawe karibu.

Ukishamaliza mzunguko wako, ndipo uanze kununua, na nakushauri usianzie kwenye njia kuu. Kodi ya pango hupanda kadiri wapita njia wanavyoongezeka, kwa hiyo katikati ya mtaa utakuta zaidi kampuni kubwa zenye matawi kila mahali. Ingia kwenye vichochoro vya pembeni. Hatua chache tu kutoka kwenye kona kodi huwa imeshashuka, na huko ndiko fundi au muuza vitabu anakoweza kumudu chumba chake, mara nyingi akihudumia wateja yeye mwenyewe. Muulize kuhusu bidhaa zake, kwa kuwa alizichagua kwa mkono wake.